Joseph Thomson: Mskoti aliyefundishwa na ushanga kusoma moyo wa mnunuzi

JINA la Joseph Thomson halijafutika nchini Kenya. Mwanafunzi anayejifunza wanyama wa mbugani hukutana na swala wa Thomson kabla hajaelezwa Thomson mwenyewe alikuwa nani. Wakazi wazee wa Nyahururu wanakumbuka enzi ambapo mji wao uliitwa Thomson's Falls, kutokana na maporomoko ya maji yaliyopewa jina lake. Lakini ni wachache, hata miongoni mwa wasomaji wa Kapsokwony na Kimilili, wanaojua kwamba mwishoni mwa mwaka 1883 Mskoti huyo alifika Mlima Elgon, akaingia katika mapango walimoishi watu na ng'ombe wao, akaondoka na dhana potovu kuhusu nani aliyeyachimba.

Vitabu vya historia humweka katika safu moja na Livingstone, Speke na Stanley: mvumbuzi, mchoraji ramani, mtangulizi wa wakoloni. Yote hayo ni kweli. Makala haya yanamfuata kwa njia nyingine, kwa sababu msafara wa Thomson, ukiuvua bendera na darubini, ulikuwa duka linalotembea. Vichwani mwa wapagazi kulikuwa na ushanga, waya na vitambaa, na kila siku ilimlazimu mwenye duka ajue mteja wa leo anataka nini. Aliyekosea hakupata hasara ya mali tu. Alilala njaa, na pengine hakuamka.

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu ya hadithi tuliyolishwa tangu shule ya msingi, kwamba babu zetu walikuwa wajinga waliobadilisha pembe za ndovu kwa vipande vya vioo. Maisha ya Thomson yanatoa ushahidi wa kinyume, ingawa yeye mwenyewe hakukusudia kuutoa.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland, mtoto wa mwashi wa mawe aliyekuja kumiliki machimbo. Kijana alikulia kwenye mawe, akapenda kuyachunguza, na haikuwa ajabu alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea jiolojia. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilipomchukua awe msaidizi wa Keith Johnston katika safari ya kwenda Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika.

Johnston hakufika mbali. Alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, kusini mwa Tanzania ya leo, mwezi Juni 1879. Thomson, ambaye hakuwa amewahi kuongoza hata watu 10, akajikuta na msafara mzima mikononi. Bahati yake ilikuwa Chuma, yule mtumishi wa Livingstone aliyeshiriki kuubeba mwili wa bwana wake hadi pwani. Chuma ndiye aliyekuwa mnyapara wa msafara, na ndiye aliyejua wapi pa kununua chakula, kwa bidhaa gani, na mzee gani apewe zawadi kabla ya mwingine. Thomson alirudi salama mwaka 1880 akiwa na sifa ya kutomwaga damu ya watu, sifa aliyojivunia hadi kufa kwake. Tusisahau kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikuwa ya Chuma.

Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri mwaka 1881 aende Mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe yaliyovumishwa kuwa huko. Thomson aliyaona mawe hayo, akayachunguza, akarudi kumweleza Sultani kwamba hayakuwa makaa ya kufaa. Barghash hakufurahi, na kazi ikaisha. Huo ulikuwa mfano mdogo wa tabia ya mtu huyu: mawe aliyasoma bila huruma, hata yalipowavunja moyo wakubwa. Watu aliwasoma kwa shida zaidi.

Safari iliyomjengea jina ilianza Mombasa tarehe 15 Machi 1883. Shirika la Jiografia lilitaka njia fupi kutoka pwani hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai, njia ambayo Wazungu waliiogopa lakini wafanyabiashara wa Kiswahili wa Pangani na Mombasa walikuwa wakiitumia kwa miaka mingi. Mnyapara safari hii alikuwa Manwa Sera, mzoefu wa msafara wa Stanley. Msaidizi wake alikuwa baharia wa Malta aliyejulikana kwa jina la James Martin, mtu asiyejua kusoma wala kuandika ambaye baadaye, kwa maajabu ya utawala wa kikoloni, alipewa wilaya kuitawala.

Taveta ndipo somo lilipoanza. Thomson alikuwa na mizigo ya ushanga, na kwa akili ya Mzungu mgeni ushanga ni ushanga. Aliambiwa sivyo. Wamaasai hawakupokea ushanga uliomwagwa kiganjani kama mtama. Waliutaka umetungwa katika nyuzi za urefu maalumu, na uzi uliopungua ulirudishwa. Basi msafara mzima uliketi chini ya miti ya Taveta, wapagazi kwa wanyapara, ukitunga makumi ya maelfu ya nyuzi. Vitambaa navyo vilikatwa na kushonwa kuwa mavazi ya vita ya morani, maana kitambaa cha kawaida kisingemridhisha kijana aliyetaka kuonekana amevaa kivita. Waya wa chuma na wa shaba ulipangwa kwa unene wake, kwani wanawake wa Kimaasai waliuzungusha mikononi, miguuni na shingoni hadi ukawa mzigo wa kilo nyingi mwilini.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kiini cha habari kilipo.

Biashara ya misafara ilikuwa na msamiati wake. Ushanga ulipimwa kwa khete, yaani uzi wa urefu unaokadiriwa kwa mkono, na khete 10 zilifanya fundo moja. Aina za ushanga zilikuwa nyingi mno, kila moja na jina lake la Kiswahili. Ule mwekundu kama marijani uliitwa samesame, lakini wafanyabiashara waliupa pia jina la utani la kivunjamji. Walisema mwanamke aliyeutamani angeweza kuivunja nyumba yake, na mji wake pamoja, ili aupate. Jina hilo ni la dharau, bila shaka, na limebuniwa na wanaume. Hata hivyo, ndani yake mna utafiti wa soko ambao kampuni za leo zingeulipia fedha nyingi. Mwuzaji alikuwa ametambua kwamba mteja hanunui kioo. Ananunua jinsi atakavyotazamwa siku ya ngoma, wivu wa mke mwenza, fahari ya rika lake, penzi ambalo bado halijakubaliwa.

Rangi iliyopendwa bonde hili ilichukiwa bonde la pili. Iliyopendwa mwaka huu ilichoka mwakani. Mafundi wa Venice waliochoma vioo hivyo na viwanda vya Salem kule Marekani vilivyofuma merikani walilazimika kusubiri habari kutoka Zanzibar, na Zanzibar ilisubiri habari kutoka bara. Msafara uliobeba rangi iliyopitwa na wakati uliweza kukuta mali yake haina thamani kabisa mahali ambapo chakula kilikuwa tele. Si vigumu kuona nani alikuwa akimwamuru nani katika biashara hiyo. Mnunuzi wa bara, asiyejua Venice iko upande gani wa dunia, alikuwa akiamua tanuri za huko ziwake kwa rangi gani.

Thomson aliona haya yote kwa macho yake na kuyaandika kwa uangalifu. Tafsiri aliyoyapa ni nyingine. Kwake yeye, Mmaasai aliyekataa uzi mfupi alikuwa msumbufu, na aliyedai hongo kabla ya kuruhusu msafara upite alikuwa mnyang'anyi. Mskoti aliyelelewa katika nchi ambapo barabara zililipiwa ushuru hakuona kwamba hongo ilikuwa ushuru wa barabara, wala kwamba mteja anayekagua bidhaa kabla ya kuipokea ni mteja mwenye akili timamu.

Jaribio lake la kwanza la kuingia Umaasaini lilishindwa. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa ametangulia na kugombana na wenyeji, na hasira iliyobaki nyuma ilimwangukia Thomson. Aliondoka usiku kwa siri, akarudi Taveta, kisha akakimbia hadi Mombasa kuongeza watu na bidhaa. Aliporejea alifanya jambo la busara kuliko yote ya safari hiyo: alijiunga na msafara wa Jumbe Kimameta.

Huyu Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, anastahili makala yake. Alikuwa ameizunguka nchi ya Wamaasai kwa miaka, alijua lugha, alijua wazee, alijua ni kitu gani kilitakiwa Ngong na kipi kilitakiwa Baringo. Miaka minne baadaye ndiye aliyeajiriwa kuuongoza msafara wa Teleki na von Höhnel, uliofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Majina ya Wazungu hao yako kwenye vitabu vya shule. La Kimameta utalitafuta sana.

Wakiwa pamoja, misafara hiyo miwili ilipita chini ya Kilimanjaro, ikafika Ngong na Naivasha, kisha Thomson akakata upande wa Laikipia akauona Mlima Kenya, na safu ya milima aliyoipachika jina la Aberdare. Ni katika sehemu hii ya njia ndipo alipogundua bidhaa ambayo haikuwa kwenye orodha ya mizigo yake.

Alikuwa na meno mawili ya bandia. Siku moja aliyachomoa mbele ya kundi la Wamaasai na kuyarudisha mdomoni. Mshangao uliotokea ulimpa heshima ambayo nyuzi zake zote hazikuwa zimempa. Kuanzia hapo alijifanya laiboni mweupe. Aliigusagusa pua yake akidokeza kwamba nayo ingeweza kutoka kama angetaka. Alichanganya Eno kwenye maji, ikachemka bila moto, akainywa mbele ya umati.

Naam, Eno hii hii. Mfamasia James Crossley Eno wa Newcastle aliianza katika karne ya 19, akiiuza katika mji wa bandari wenye mabaharia wengi. Leo pakiti yake inaning'inia kwenye vibanda vya Kapsokwony na Chwele, nayo hununuliwa na mtu aliyekula nyama kupita kiasi. Mwaka 1883 ilikuwa dawa ya miujiza. Mzee mmoja wa Kimaasai na mkewe walimjia Thomson wakiomba dawa ya kupata mtoto mweupe kama yeye. Aliwapa Eno, akawatemea mate ya baraka kwa desturi yao, wakaenda zao wameridhika.

Ni rahisi kucheka. Lakini tuwatazame watu hao kwa haki. Walikuwa watu wazima wenye huzuni ya uzazi. Nchi yao mwaka huo ilikuwa na maradhi ya ng'ombe yaliyokuwa yakiwamaliza, na tegemeo lao lote lilikuwa ng'ombe. Mtu aliye katika hofu ya namna hiyo hununua tumaini kwa yeyote anayeliuza, na wanaoliuza hawajaisha. Wasomaji wa gazeti hili wanazijua bango za waganga wanaorudisha wapenzi na maji ya upako yanayouzwa kwenye mikutano. Waingereza wenyewe, wakati Thomson akiwachekesha wenzake kwa kisa hicho, walikuwa wakimiminia tumboni dawa za chupa zilizodai kuponya kila kitu kuanzia jongo hadi huzuni.

Katikati ya Novemba na Desemba msafara ulivuka Uasin Gishu na kuteremka katika nchi iliyoitwa wakati huo Kavirondo. Hapa kanuni za duka zilibadilika ghafla. Chakula kilikuwa kingi na rahisi: mtama, kuku, viazi vitamu, asali. Merikani, iliyokuwa fedha kamili kwingineko, haikuwa na wanunuzi wengi, kwani wenyeji hawakuona haja ya kujifunika kitambaa. Ushanga ndio uliopendwa. Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias, Thomson alimkuta Mumia akiwa mtawala kijana, babake Shiundu akiwa amefariki muda mfupi kabla.

Thomson alistaajabu kwamba watu waliotembea bila nguo walikuwa na adabu kuliko wengi waliovaa. Angesubiri miaka 20 angeona mengine. Misheni ya Marafiki ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902, na kwa muda mfupi shati na kaptura vikawa alama ya mtu aliyesoma. Hakuna aliyekuwa amebadilisha hali ya hewa ya magharibi mwa Kenya. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wamefundishwa kuona haya, na aibu hiyo mpya ilifungua maduka ya nguo kote Bungoma kwa kasi ambayo bei nafuu peke yake isingeweza. Bidhaa ile ile, watu wale wale. Hisia ndiyo iliyogeuka.

Alifika Ziwa Victoria mwezi Desemba 1883, akiwa mgonjwa na bidhaa zake zikipungua. Aliamua asiende Uganda, akageuka kuelekea kaskazini kuutafuta mlima aliousikia. Hivyo ndivyo alivyofika Elgon. Jina lenyewe la mlima alilolipeleka kwenye ramani za Ulaya linatokana na wenyeji aliowakuta, El Kony, ambao ni sehemu ya jamii ya Wasabaot. Jina lao limo pia ndani ya Kapsokwony.

Alichokiona kilimduwaza. Kwenye miamba ya upande wa kusini mapango makubwa yalikuwa yamefunguka, na ndani yake mlikuwa na kijiji kizima: nyumba, watoto, ng'ombe, moshi wa jikoni. Aliuliza nani aliyeyachimba. Aliambiwa yalikuwapo siku zote, ni kazi ya Mungu. Mwanajiolojia huyu, ambaye hakumstahi hata Sultani Barghash lilipokuja suala la mawe, safari hii alishindwa. Aliyaona mapango kuwa yamechongwa kwa mikono, akakisia kwamba taifa fulani la kale lililoendelea, pengine lenye uhusiano na Misri, lilikuja huko kutafuta vito au madini. Wazo kwamba wenyeji wangeweza kuwa na uhusiano wowote na kazi hiyo hakulipa nafasi.

Ukweli ulikuwa mtamu zaidi ya kisio lake. Miamba ile ina chumvi. Katika pango la Kitum, lililo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon upande wa Kitale, watafiti wa karne ya 20 walithibitisha kwamba ndovu huingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuumenya ukuta kwa pembe zao ili wapate chumvi hiyo. Mapango yalianzishwa na nguvu za asili na kupanuliwa kizazi baada ya kizazi na wanyama wenye hamu. Wasabaot nao waliwaingiza ng'ombe wao humo kulamba ukuta huo huo. Thomson aliupita mlango wa soko la kale kuliko yote aliyoyaona safarini, ambapo mnunuzi alilipa kwa meno yake, asilitambue.

Kuna kejeli nyingine. Pembe hizo hizo zilizokuwa zikichimba chumvi ndizo zilizomleta Kimameta mwaka baada ya mwaka, nazo zilisafirishwa pwani, zikavuka bahari, zikakatwa kuwa vibao vya piano, mipira ya biliadi, vitana na mipini ya visu. Familia ya karani wa London au wa Boston ilinunua piano kwa mkopo, mara nyingi bila mtu hata mmoja nyumbani aliyejua kuicheza vizuri, kwa sababu sebule yenye piano ilikuwa sebule ya watu wa heshima. Ukiutazama mzunguko wote, mwanamke wa Kimaasai aliyetaka waya mkononi na mke wa karani aliyetaka piano sebuleni walikuwa wakifanya jambo moja. Mmoja aliitwa mshenzi na mwingine mstaarabu. Wa kwanza, angalau, aliutumia waya wake kila siku.

Iliichukua elimu ya biashara nusu karne kuliweka jambo hili darasani. Ernest Dichter, msomi wa saikolojia kutoka Vienna, alikimbilia Marekani mwaka 1938 na kuanza kuwahoji wanunuzi juu ya hisia zao badala ya kuwauliza tu wananunua nini. Kazi yake ya mwanzo iliyovuma ilihusu sabuni, na sabuni yenyewe iliitwa Ivory, yaani pembe ya ndovu. Alipata kwamba watu hawakuoga ili kuondoa uchafu tu. Wapiga debe wa Kimameta wangemsikiliza kwa heshima, kisha wangemwuliza kama hakuwa na jambo jipya.

Thomson aliondoka Elgon na kukaribia kufa mara mbili. Tarehe 31 Desemba 1883 alimpiga nyati risasi, akamkaribia akidhani amekwisha, naye nyati akainuka, akamrusha hewani na kumtoboa paja. Alibebwa kwa machela. Baadaye kuhara damu kulimlaza majuma kadhaa katika kibanda kule Mianzini, karibu na Naivasha, akiwa mifupa na ngozi. Alifika pwani mwaka 1884, baada ya zaidi ya mwaka mmoja njiani.

Kitabu chake kuhusu nchi ya Wamaasai kilichapishwa mwaka 1885 na kununuliwa sana. Shirika la Jiografia lilimpa nishani yake ya dhahabu akiwa na miaka 27. Mwaka huo huo H. Rider Haggard alitoa riwaya yake ya migodi ya Mfalme Sulemani, ambamo Mzungu mmoja anawaogopesha Waafrika kwa meno ya bandia. Thomson alikasirika, akiamini kwamba kisa chake kimechukuliwa. Alijibu kwa kuandika riwaya yake mwenyewe, Ulu, mwaka 1888. Haikufua dafu. Wasomaji wa Uingereza walitaka kutishwa na kushangazwa, na Haggard aliwapa walichotaka, huku Thomson akiwapa mawazo yake juu ya ukoloni na ndoa. Mtu aliyejua kwamba Taveta uzi mfupi hurudishwa hakujua kuupima uzi wa wateja wa kwao.

Miaka iliyobaki ilikwenda kwa kutumikia makampuni. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto kutafuta mkataba kwa niaba ya kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara kwenye Mto Niger. Mwaka 1888 alizuru Morocco. Mwaka 1890 Cecil Rhodes alimtuma Katanga kutafuta mkataba na Msiri, lakini ndui iliuvamia msafara na afya yake mwenyewe ikavunjika, hakufika. Hapa ndipo mimi huona maisha yake yakipoteza utamu. Kijana aliyeketi Taveta akitunga ushanga, akilazimika kujua mtu wa upande wa pili anataka nini, alikuwa amegeuka mjumbe wa watu wasiohitaji kujua. Mkataba wa kampuni haukuuliza Msiri anapenda rangi gani.

Alikufa London tarehe 2 Agosti 1895, mapafu yakiwa yameharibika, akiwa na umri wa miaka 37.

Mwezi huo huo wa Agosti, kusini mwa mlima aliouchora, vita vilikuwa vikiwaka. Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao, na C.W. Hobley aliwaongoza wanajeshi pamoja na askari wa Mumia dhidi ya Wabukusu waliojihami ndani ya ngome za Lumboka na Chetambe. Miongoni mwa sababu za vita hivyo zilikuwa bunduki zilizoingia mikononi mwa Wabukusu na ambazo walikataa kuzirudisha. Walikuwa wamekwisha kuona, kwa miaka mingi ya misafara, ni bidhaa gani hasa iliyowafanya wageni wasikilizwe. Wengi waliuawa Chetambe, na mifugo mingi ikachukuliwa.

Baada ya hapo ikaja kodi ya nyumba. Misafara ililazimika kumbembeleza mnunuzi. Serikali haikuwa na haja hiyo. Rupia ilitakiwa kwa kila nyumba, apende mwenyewe asipende, na vijana wa mlimani na wa bondeni waliteremka kuitafuta kwa kazi ya mkono, baadaye katika mashamba ya walowezi waliomegewa Trans Nzoia, ardhi ambayo Wasabaot walikuwa wakichungia ng'ombe. Ushanga uliendelea kuuzwa, sasa katika maduka ya Wahindi wa Kitale na Kimilili, ukiwa umepangwa katika mitungi ya vioo kwa rangi, na wenye maduka hao nao iliwabidi kujifunza upya kwamba mteja wa Kapsokwony hachukui rangi anayochukua wa Malakisi.